Miamala ya kanzidata: stoo na deni la mkulima visipishane

Mfano wetu ni duka la pembejeo Uyole, Mbeya, linalokopesha mbolea. Kila mauzo yanagusa majedwali matatu: mauzo, stoo na wakulima. Muamala ni kundi la amri linaloanza kwa BEGIN: ama zote zinahifadhiwa kwa COMMIT, ama zote zinafutwa kwa ROLLBACK. Tunatumia PostgreSQL na Python (kwa maktaba ya psycopg 3). Ukiwa na MySQL, hakikisha kwanza majedwali ni ya InnoDB, injini ya kuhifadhi inayojua miamala. Injini nyingine, MyISAM, huipokea ROLLBACK lakini hairudishi kitu.

Hatua ya 1: mipaka iwe kwenye jedwali

Usiiachie programu peke yake kazi ya kulinda hesabu.

```sql
ALTER TABLE stoo ADD CHECK (mifuko >= 0);
ALTER TABLE mauzo ADD UNIQUE (namba_ombi);
```

Fedha ziwe NUMERIC (hesabu kamili), kamwe si FLOAT (hukadiria). Namba_ombi (namba ya pekee ya kila uuzaji) itengenezwe na simu au kompyuta ya muuzaji anapobonyeza "Uza", si na seva.

Hatua ya 2: andika muamala

```sql
BEGIN;
INSERT INTO mauzo (namba_ombi, mkulima_id, bidhaa_id, mifuko, thamani)
VALUES ('K2-0042', 318, 7, 4, 300000);
UPDATE stoo SET mifuko = mifuko - 4
WHERE bidhaa_id = 7 AND mifuko >= 4;
UPDATE wakulima SET deni = deni + 300000 WHERE id = 318;
COMMIT;
```

Baada ya UPDATE ya stoo, angalia imegusa mistari mingapi. Ikiwa 0, mzigo hautoshi: ROLLBACK. Kanzidata haihesabu 0 kuwa kosa, kwa hiyo usipoangalia wewe, mkulima ataandikiwa deni la mbolea ambayo haipo.

Wengi huharibu hapa kwa kusoma idadi kwa SELECT, kutoa kwenye programu, kisha kuandika jibu. Novemba, mvua zikikaribia, wauzaji wawili wanauza kwa wakati mmoja. Stoo ina mifuko 10. Wote wanasoma 10. Mmoja anauza 4 na kuandika 6, mwenzake anauza 3 na kuandika 7. Ghalani imebaki 3, mfumo unasema 7. BEGIN na COMMIT hazikuokoi, maana kiwango cha kawaida cha kutenganisha miamala cha PostgreSQL ni READ COMMITTED, ambacho hakimzuii mwenzako kusoma idadi ileile kabla hujaandika. UPDATE ya hapo juu inaokoa: wa pili anasubiri kufuli ya mstari, kisha sharti linapimwa upya kwa idadi mpya. Kama ni lazima usome kwanza, tuseme kukagua kikomo cha mkopo, malizia SELECT yako kwa FOR UPDATE, ili mstari ufungwe hadi umalize.

Hatua ya 3: kwenye Python

```python
with conn.transaction():
    conn.execute(WEKA_MAUZO, m)
    if conn.execute(PUNGUZA_STOO, m).rowcount == 0:
        raise StooHaitoshi()
    conn.execute(ONGEZA_DENI, m)
```

WEKA_MAUZO, PUNGUZA_STOO na ONGEZA_DENI ni zile amri tatu za Hatua ya 2, na m ni taarifa za mauzo. Fungua muunganisho kwa `autocommit=True`. Bila hivyo, SELECT yoyote iliyotangulia huwa imeshaanzisha muamala, na bloku hii inageuka savepoint tu (alama ndani ya muamala uliokwisha kuanza): inaisha salama, COMMIT haijafanyika. Pia usimeze kosa ndani ya bloku. PostgreSQL ikishapata kosa moja, inakataa amri zote zinazofuata mpaka ROLLBACK.

Hatua ya 4: SMS na malipo ya simu yakae nje

Ukisubiri jibu la mtandao ndani ya muamala, mistari inabaki imefungwa, na mtandao ukisuasua foleni nzima inasimama. Tena SMS iliyokwisha kwenda hairudi kwa ROLLBACK. Ingiza ujumbe kwenye jedwali la ujumbe_wa_kutuma ndani ya muamala uleule. Programu nyingine itautuma baada ya COMMIT.

Jibu la COMMIT likipotea njiani, rudia kwa namba_ombi ileile. Ukipata kosa 23505 (namba imejirudia) la namba hiyo, mauzo yalishaingia. Mwoneshe muuzaji risiti.

Hatua ya 5: kufungiana

Miamala miwili ikisubiriana kufuli, hakuna inayosonga. Mauzo yenye bidhaa kadhaa yapunguze stoo kwa mpangilio wa bidhaa_id, kila mara. Ukipata 40P01 (kosa la kufungiana), rudia muamala mzima mara 3 hivi, si amri moja. Kwenye MySQL, muda wa kusubiri kufuli (sekunde 50 usipoubadili) ukiisha, inayofutwa ni amri hiyo tu. ROLLBACK ipige mwenyewe.

Jaribio

Fungua madirisha mawili ya psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), stoo ikiwa na mifuko 5. La kwanza: BEGIN, kisha ile UPDATE ya stoo, bila COMMIT. La pili: UPDATE hiyohiyo, lazima ining'inie. Piga COMMIT kwenye la kwanza, la pili lijibu `UPDATE 0`.