Ampli ya gitaa ya vali inayoziba sauti: irekebishe kuanzia katodi ya kwanza

Wapiga gitaa wengi wanaoniletea ampli ndogo za vali (chupa za kioo zinazoongoza umeme) wana lalamiko moja: "Fundi, nikipandisha voliumu sauti inaziba." Kisha wanaomba niongeze nguvu. Mara nyingi nguvu ipo ya kutosha. Tatizo ni besi, imeachiwa ipite nyingi mno mwanzoni kabisa mwa saketi, na ikifika mbele inameza nyuzi nyembamba.

Nitaonyesha kwa Fender Champ 5F1, saketi ya Marekani ya miaka ya 1950 ambayo mafundi wanaendelea kuiiga hadi leo. Ina vali tatu tu: 12AX7 ya kukuza mawimbi ya gitaa, 6V6GT ya kuendesha spika, na 5Y3GT ya kugeuza AC kuwa DC. Inatoa wati 5 hivi.

Hatua ya 1: Ondoa umeme uliobaki ndani

Chomoa plagi, kuzima swichi peke yake hakutoshi. Ndani kuna zaidi ya volti 300 za DC, na kapasita (vihifadhi chaji) za pawa zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Chukua rezista ya kiloohmu 10 ya wati 5 yenye nyaya zilizofunikwa vizuri. Funga upande mmoja kwenye chesisi kwa klipu, upande wa pili gusisha kwenye chanya ya kapasita ya kwanza, hesabu hadi kumi. Halafu pima kwa mita kila kapasita. Usiguse kitu kabla mita haijashuka chini ya volti 5. Bisibisi usiitumie kwa kazi hii: inapiga cheche na kuharibu kapasita.

Kama ampli imetoka Marekani, soma transfoma kabla ya kuchomeka popote. Niliwahi kuletewa moja ya volti 120 iliyochomekwa moja kwa moja kwenye 230. Nilipofungua kifuniko harufu ya vanishi iliyoungua ilinijibu kabla sijashika mita. Pia zile za zamani zina waya wa nyaya mbili bila ethi (waya wa ardhini). Weka waya wa nyaya tatu, na ethi uifunge kwa boliti yake yenyewe kwenye chesisi. Hili si la kujadiliana, maana mpigaji ameshika nyuzi za chuma zilizounganishwa na chesisi hiyo.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kubadilisha

Washa ampli ikiwa na spika yake. Bila spika transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Mkono mmoja uweke mfukoni. Kwenye 6V6GT, katodi (inayotoa elektroni) ni mguu wa 8 na anodi (inayozipokea) ni wa 3. Tuseme katodi inasoma volti 19, na rezista yake ni ohmu 470. Gawanya: milliampea 40. Toa 2 au 3 zinazopita kwenye skrini (gridi ya pili ya vali), zidisha kwa volti zilizo kati ya anodi na katodi, tuseme 320. Unapata kama wati 12, na hapo vali iko salama. Ikizidi 14, weka rezista ya ohmu 560 badala ya 470 kisha pima upya. Andika namba zote kwenye karatasi. Utazihitaji kazi ikienda kombo.

Hatua ya 3: Katodi ya kwanza

Hapa ndipo penye utamu wote. 12AX7 ina nusu mbili, kila moja na katodi yake. Fuata waya kutoka tundu la gitaa hadi kwenye 12AX7. Ukifika mguu wa 2, katodi yake ni wa 3. Ukifika wa 7, katodi ni wa 8. Utakuta rezista ya ohmu 1,500. Ikiwa peke yake, nusu hiyo ya vali hukuza kama mara 30. Ikiwa na kapasita kubwa sambamba, hukuza kama mara 60.

Nyingi ninazofungua zimewekewa mikrofaradi 25. Hesabu ya mpaka, yaani hezi ambazo chini yake ukuzaji unaanza kupungua, ni rahisi: gawanya 160,000 kwa ohmu mara mikrofaradi. Lakini usitumie 1,500, kwa sababu vali yenyewe inasaidiana na rezista, tumia 780. Kwa 25 unapata mpaka wa hezi 8, yaani besi yote inakuzwa maradufu pamoja na sauti nyingine. Weka 0.68 na mpaka unapanda hadi hezi 300. Juu ya hapo gitaa linapata mara 60 zake, chini yake linateremka taratibu kuelekea 30. Uzi mnene wa sita, hezi 82, bado unasikika, ila haufuniki wenzake.

Usilehemu mara moja. Zima, chomoa, toa chaji, funga 0.68 kwa klipu, washa, piga kodi (chord) ileile kwa voliumu ileile. Jaribu na 1, halafu 4.7. Kwa gitaa la solo sijapata kuona 0.68 ikishindwa, kwa ridhimu wengine hupenda 4.7.

Hatua ya 4: Kapasita ya kwenda 6V6

Ikiwa bado inaziba, shusha ile ya mikrofaradi 0.02 iwe 0.01, yenye uwezo wa volti 400 au zaidi. Kwa rezista ya gridi (mguu wa 6V6 unaopokea mawimbi) ya kiloohmu 220, mpaka unatoka hezi 36 hadi 73. Usizidishe, sauti itakonda.

Hatua ya 5: Swichi ya fidibaki

Rezista ya kiloohmu 22 hurudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika hadi katodi ya nusu ya pili ya 12AX7. Weka swichi ya kuikata. Ikikatwa, ampli inakuwa kali na inaanza kukwaruza mapema. Ikiwa umebadilisha transfoma ya kutolea sauti na ampli inapiga yowe fidibaki ikiwa imeunganishwa, lakini inatulia ukiikata, zima, chomoa, toa chaji, kisha badilishana nyaya mbili za transfoma hiyo upande wa 6V6.