Somo: Kuchagua zana ya kutengeneza programu moja ya Android na iPhone

Wakuu, tuchukue kazi halisi: programu ya mauzo ya duka. Inatakiwa iuze hata bando likikata, na risiti itoke kwenye kile kiprinta kidogo cha Bluetooth. Mwenye duka ana iPhone, wauzaji wake wana Android za bei nafuu. Msimbo unataka uuandike mara moja.

Hatua ya 1: Anza na kitu kigumu kuliko vyote. Hapa ni printa. Fomu na orodha ya bidhaa kila zana inaziweza. Ingia pub.dev kama unafikiria Flutter (zana ya Google), au npm kama ni React Native (zana ya Meta); hizo ni hazina za maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine. Tafuta maktaba ya kuchapa risiti. Nyota zisikuzuzue. Tazama ilisasishwa lini, kama inakubali iOS au Android pekee, na kama wanaolalamika GitHub, msimbo wake unapohifadhiwa, wanajibiwa.

Halafu kagua printa yenyewe. Nyingi za bei chee zinatumia Bluetooth ya kizamani, na Apple hairuhusu programu kuongea nayo kama kifaa hakina MFi, kibali cha Apple kwa vifaa vya watengenezaji wengine. Kwa iPhone tafuta inayotumia Bluetooth Low Energy, aina mpya isiyokula chaji. Ukikosea hapa, hakuna zana itakayokuokoa.

Hatua ya 2: Lugha unayoijua. Mtu wa JavaScript na React, nenda React Native. Wa Kotlin, Kotlin Multiplatform imetangazwa kuwa thabiti tangu Novemba 2023. Wa C#, chukua .NET MAUI ya Microsoft; Xamarin, zana yao ya zamani, achana nayo, waliacha kuihudumia Mei 2024 ingawa mafunzo yake bado yamejaa mtandaoni. Kama unaanza sifuri, mimi nakupeleka Flutter: lugha yake, Dart, haisumbui, na vitufe inavichora yenyewe, kwa hiyo skrini haibadiliki sana simu kwa simu.

Hatua ya 3: Tengeneza skrini moja tu, ya kuchapa risiti, uijaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote utakazohudumia. Emuleta, yaani simu ya kuigiza kwenye kompyuta, haina printa. Kwa Flutter tumia `flutter run --release`, maana hali ya majaribio (debug) ni nzito kwa asili yake na utailaumu zana bure.

Hatua ya 4: Gharama. Google Play dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Mwambie mteja kabla ya kukubaliana bei.

MASWALI

Mkuu, sina Mac. iPhone nitaifikiaje?
Xcode, programu ya Apple ya kujengea programu za iPhone, inakubali Mac tu, ila unaweza kukodi Mac ya mbali: Codemagic kwa Flutter, EAS ya Expo kwa React Native. Akaunti ya Apple ya kulipia bado utaihitaji.

APK (faili la kusakinisha) yangu ya Flutter ni nzito mno, wateja wanalalamika bando.
Umeunganisha aina zote za prosesa kwenye faili moja. Jaribu `flutter build apk --split-per-abi`. Ukipitia Google Play, pakia App Bundle (kifurushi chenye vyote), wao watamgawia kila mtu kinachofaa simu yake.

Ionic vipi?
Ni zana nyingine ya kazi hii, ila inaweka ukurasa wa wavuti ndani ya programu. Kwa oda na matangazo inatosha kabisa. Kwa Android za bei nafuu zenye orodha ndefu ya bidhaa, mimi siishauri.

Google Play wananiambia nitafute wajaribuji, ni kweli?
Ndiyo, kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023: watu 12, siku 14 mfululizo. Anza na wauzaji wa duka hilohilo, na kila mmoja awe na akaunti yake ya Google.