Somo: Protini za damu, aina zake, kazi zake na namna ya kusoma majibu ya kipimo

Majibu yakirudi yameandikwa "protini jumla 76", wengi hutulia kwa sababu kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 60 hadi 80 kwa lita. Lakini albumini (protini kuu ya damu) inaweza kuwa imeshuka hadi 28 na globulini (protini zinazobaki ukiitoa albumini) zimepanda hadi 48, jumla ikabaki 76 ileile, na ini la mgonjwa liko hoi. Kwa hiyo jumla isomwe mwisho. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Jua sampuli ni ipi

Damu ikiwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, kisha ikazungushwa kwenye mashine, majimaji ya juu ni plazma. Ikiachwa igande kwanza, kwa kawaida dakika 30 hivi, majimaji yanayobaki ni seramu. Tofauti kubwa kati yake ni fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, gramu 2 hadi 4 kwa lita, ambayo kwenye seramu imeishia ndani ya donge.

Jambo hili si dogo. Plazma ikipimwa kwa elektroforesisi (kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme) badala ya seramu, fibrinojeni hutokeza mstari kati ya beta na gama, makundi ya protini yaliyoelezwa Hatua ya 3, na asiye makini atadhani ni protini ya saratani ya uboho.

Mpira wa kufungia mkono nao usikae zaidi ya dakika 1. Ukikaa muda mrefu, maji hutoka kwenye mshipa lakini protini hubaki, na majibu hupanda bila ugonjwa wowote. Kusimama kuna athari hiyohiyo: aliyetolewa damu baada ya kusimama muda mrefu huwa na namba za juu kuliko akiwa amelala.

Hemoglobini pia ni protini, ila makazi yake ni ndani ya chembe nyekundu. Seramu ikiwa nyekundu, chembe zimepasuka. Chukua sampuli nyingine.

Hatua ya 2: Soma albumini

Kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita. Hutengenezwa na ini peke yake. Kazi yake ya kwanza ni kuyazuia maji yasitoroke kwenye mishipa. Ikishuka sana, miguu na tumbo huanza kujaa maji. Ya pili ni uchukuzi: hubeba bilirubini, asidi za mafuta, baadhi ya homoni, kalsiamu na dawa kama warfarini na fenitoini.

Uchukuzi huu ndio unaowapotosha wasomaji wa majibu. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu imeshikamana na protini, hasa albumini. Albumini ikishuka, kalsiamu jumla nayo itaonekana chini ingawa ile iliyo huru, inayofanya kazi, iko sawa. Kanuni inayotumika sana: ongeza milimoli 0.02 kwa lita kwa kila gramu 1 ya albumini iliyopungua chini ya 40. Albumini ikiwa 30 na kalsiamu 2.05, hesabu inakuwa 2.25. Kwa mgonjwa mahututi usiiamini kanuni hii. Pima kalsiamu huru.

Nusu ya albumini huondoka katika siku 20 hivi, kwa hiyo ini likigoma leo, kesho namba haitaonyesha. Ikishuka ndani ya siku chache, tafuta uvujaji, maji mengi ya dripu au inflamesheni kali mwilini (mwili ukipambana na maambukizi au jeraha).

Hatua ya 3: Toa albumini kwenye jumla

Kinachobaki ni globulini, takribani gramu 20 hadi 35. Humo mna makundi matatu. Alfa ina alfa-1 antitripsini inayolinda mapafu dhidi ya vimeng'enya vya chembe nyeupe, haptoglobini inayonasa hemoglobini iliyomwagika, na seruloplazmini yenye shaba. Beta ina transferini inayosafirisha madini ya chuma, pamoja na protini za komplimenti zinazosaidia kinga ya mwili. Gama ndiyo makao ya kingamwili, na hizi hazitoki kwenye ini bali kwenye seli za plazma (aina ya chembe nyeupe). Ndiyo maana ini likisinyaa albumini hushuka huku gama ikipanda.

Hatua ya 4: Protini za kugandisha damu

Hizi hupimwa kwenye chupa ya sitrati (dawa ya kuzuia kuganda), sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Chupa isipojaa, dawa inazidi na muda wa kuganda unarefuka kwa uongo. Thrombini huigeuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini. Vigandishi namba 2, 7, 9 na 10 vinahitaji vitamini K. Namba 7 huisha upesi, ndani ya saa chache, hivyo ini likishindwa ghafla kipimo cha kuganda huharibika siku nyingi kabla ya albumini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, albumini yangu ni 31. Nikiongeza vyakula vya protini itapanda?
Mara nyingi haipandi kwa njia hiyo pekee. Wakati wa maambukizi ini hupunguza albumini na kutengeneza protini za dharura kama CRP. Pima CRP, ini, na protini kwenye mkojo. Figo ikimwaga zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, kula hakutaziba pengo.

Maabara moja imeandika 7.4, nyingine 74. Ipi sahihi?
Zote. Ya kwanza ni gramu kwa desilita, ya pili kwa lita. Zidisha kwa 10.

Albumini ikiwa juu, 54, ni ugonjwa gani?
Karibu kila mara ni upungufu wa maji mwilini, au mpira uliokaa mkononi. Kunywa maji, rudia.

Mwalimu, mtoto mchanga anapata kingamwili zipi kwa mama?
IgG, kwa sababu ndiyo inayopita kondo la nyuma. IgM haipiti, ikionekana IgM ya maambukizi fulani kwa mchanga, shuku kwamba ameitengeneza mwenyewe.

Nimepima maabara mbili siku moja, albumini zimetofautiana gramu 4. Nani kakosea?
Huenda hakuna. Maabara hupima albumini kwa rangi ya bromokresoli, ya kijani au ya zambarau. Ya kijani hushika na globulini kidogo, hivyo husoma juu kuliko ya zambarau, hasa albumini ikiwa chini. Ukifuatilia ugonjwa, baki na maabara moja.