Sungura Anapopigwa Nusu Kaputi: Maandalizi, Hatari na Uangalizi Baada ya Upasuaji

Utafiti mkubwa uliofanyika katika kliniki za wanyama nchini Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulionyesha kwamba vifo vinavyohusiana na nusu kaputi vilikuwa asilimia 0.17 kwa mbwa, 0.24 kwa paka na 1.39 kwa sungura. Sungura wenye afya walikuwa kwenye asilimia 0.73, ilhali wagonjwa walifikia 7.37. Zaidi ya nusu ya sungura waliokufa waliupita upasuaji wenyewe, wakafa baadaye, na hapo ndipo sehemu ya mfugaji inapokuwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Takwimu hizo zisimfanye mtu aahirishe upasuaji unaohitajika. Saratani ya mji wa mimba huwapata sana majike wakubwa ambao hawajatolewa kizazi, na jike anayefanyiwa upasuaji akiwa kijana na mzima yuko salama zaidi kuliko yule anayeletwa akiwa tayari anaugua.

Hatari zinatokana na maumbile ya mnyama mwenyewe. Mdomo wake ni mwembamba na koo liko mbali, hivyo kumwingizia mrija wa kupumulia ni kazi ngumu. Kifua chake ni kidogo, na tumbo lililojaa hukigandamiza akilazwa chali. Wengi wana maambukizi ya mapafu yasiyoonekana, na akivutishwa dawa ya usingizi kwa barakoa bila kutulizwa kwanza, huweza kuzuia pumzi kwa makusudi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kukubali tarehe, muulize daktari kama huwahudumia sungura mara kwa mara, kama atampima uzito siku hiyohiyo, kama atampa oksijeni na kumpasha joto muda wote, na ni dawa gani ya maumivu atakayotumia. Daktari anayejibu maswali haya kwa kusitasita si lazima awe mbaya, lakini ni afadhali utafute mwingine.

Usimfungishe njaa usiku kucha. Agizo hilo hutolewa kwa mbwa na paka ili wasitapike, ilhali sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu huanza kusimama. Aendelee kula nyasi kavu na kunywa maji. Daktari anaweza kukuelekeza umwondolee chakula kwa saa moja au mbili tu ili mdomo uwe safi. Mpelekee chakula alichokizoea ili akipate mara tu anapozinduka.

Akirudi nyumbani, mlaze mahali penye joto na utulivu, juu ya taulo safi badala ya maranda, ambayo hushikamana na kidonda. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwa kitambaa, na pawepo nafasi ya yeye kujisogeza. Kisha angalia mambo mawili: anakula, na anapata choo. Maumivu humkatisha hamu ya kula, kutokula husimamisha utumbo, utumbo uliosimama hujaa gesi na kuzidisha maumivu. Mzunguko huo ndio unaoua. Dawa ya maumivu itolewe kwa ratiba aliyoandika daktari hata kama sungura anaonekana ametulia, maana mnyama huyu huficha maumivu, na dalili huwa ni kujikunyata, kusaga meno na macho yaliyofumbwa nusu. Mvutie kwa majani mabichi ya giligilani. Akikataa, mlishe uji wa chakula chake cha punje kilicholowekwa, kidogo kidogo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiuelekeza pembeni mwa mdomo ili asipaliwe. Akipitisha saa 12 bila kula wala kupata choo, mrudishe kliniki bila kungoja asubuhi.

Usimpe dawa za binadamu kwa kubahatisha. Amoksilini ya kunywa, ambayo hupatikana kirahisi madukani, huharibu bakteria wa utumbo wa sungura na inaweza kumuua.

Kagua mshono kila siku. Wekundu unaoenea, usaha au nyuzi zilizotafunwa vyote vinahitaji daktari. Kola ya shingoni, ile inayomzuia mnyama kutafuna mshono, itumike ikibidi tu, kwa kuwa humzuia kula kinyesi chake laini anachokihitaji kwa lishe. Dume aliyehasiwa hubaki na uwezo wa kutia mimba kwa wiki kadhaa, hivyo mtenge na majike hadi wiki 6 zipite.