Ssese: shamrashamra au utulivu?

Wanaopanga likizo Ssese, visiwa vya Uganda ndani ya Ziwa Victoria, huuliza kwanza bei ya chumba. Mimi ningeuliza siku. Ufuo wa Lutoboka, kisiwani Bugala, Ijumaa hadi Jumapili ni muziki, nyama choma na vijana wa Kampala hadi usiku wa manane. Jumanne, ufuoni palepale, utasikia mawimbi na ndege tu. Kwa hiyo mpenda utulivu si lazima ahame kisiwa, ahame siku tu. Akitaka ukimya hasa, basi aende Bukasa, kisiwa cha pili kwa ukubwa: msitu mwingi, watalii wachache. Ila huko unafika kwa mtumbwi wa injini, na bila jaketi la kuokolea usipande, hata nahodha akucheke.

Kufika Bugala kuna njia mbili: meli ya Nakiwogo, Entebbe, inayoondoka mchana na kuchukua saa tatu na ushei, au kivuko cha bure cha Bukakata kwenda Luku, ukitokea Masaka. Wenye watoto, chagueni hii ya pili. Majini ni muda mfupi.

Na kuogelea? Ziwa Victoria lina kichocho. Kaeni mbali na penye matete.