Zana ikifa kwa "killed" kwenye Mac
Ukihariri faili ya programu ya teminali baada ya kuikompaili kwenye Mac ya M1 au chipu za baadaye, ukiiendesha inakufa papo hapo na neno moja tu: killed. Tangu 2020, macOS kwenye chipu hizo haiendeshi programu asilia (iliyokompailiwa kwa chipu hizo) isiyo na saini halali ya kidijitali, na kuihariri kumevunja saini yake. Itie saini upya (hapa zana ni jina la faili ya programu):

codesign --force --sign - ./zana

Kistari hicho cha pekee ni saini isiyo na cheti, hulipii chochote.

Na tafadhali, usinakili toleo jipya juu ya la zamani kwa amri ya cp. Futa kwanza la zamani kwa rm. cp huandika ndani ya faili ileile, na mfumo hukumbuka saini yake ya zamani, basi hata zana isiyo na kasoro inaweza kuuawa. Hilo lilinipotezea jioni nzima.