Kubadilisha waya wa handibreki kwenye pikapu ya zamani

Ukivuta handibreki na mkono ukaja mpaka mwisho bila uzito wowote, waya umekatika. Ukiwa na uzito lakini gari linateleza mlimani, usikimbilie duka la spea: huenda shuu (vipande vinavyobana dramu ya gurudumu kwa ndani) zimekwisha, au waya umeganda kwa kutu ndani ya ganda lake. Ingia chini, mwenzako avute handibreki, nawe utazame kipi kinatembea na kipi kimetulia.

Kwenye pikapu kama Hilux za miaka ya 1980 na 1990, waya si mmoja. Wa mbele unatoka kwenye mkono wa handibreki hadi chini ya chasisi, pale penye kipande kinachogawa mvuto, na kutoka hapo nyaya za nyuma zinakwenda kwenye magurudumu. Wa nyuma ukikatika badilisha yote miwili, upande wa kulia na wa kushoto. Uliobaki umekwisha kulegea, na ukivuta pamoja na mpya, gurudumu moja litabana kabla ya jingine.

Nenda dukani na waya wa zamani mkononi. Ulaze sambamba na mpya: pima urefu wa ganda, pima urefu wa waya unaotokeza kila upande, linganisha vichwa. Chasisi fupi na ndefu hazitumii waya mmoja, hata kama gari ni za mwaka mmoja. Tofauti ya sentimita mbili tu inaweza kumaliza nyuzi zote (mitaro ya skrubu) za kurekebishia. Na usikubali waya wa kuungwa kwa klipu. Kiungo kitakwama kwenye mdomo wa ganda, tena siku unayouhitaji.

Sasa kazi. Kumbuka kwamba handibreki haipo, na ukishanyanyua magurudumu ya nyuma ya pikapu inayoendeshwa kwa nyuma, gia nayo haizuii kitu. Kwa hiyo egesha mahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, legeza nati za tairi (spana 21 kwa Hilux), piga jeki, kalisha ekseli juu ya stendi mbili, kisha toa tairi. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Shusha handibreki kabisa na ulegeze nati ya kurekebishia waya. Kama nyuzi zina kutu, zisugue kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza na usubiri. Ukilazimisha utakata skrubu, na kazi ya saa moja iwe ya siku nzima.

Dramu, yaani kifuniko cha chuma kinachozunguka na gurudumu, ikigoma kutoka, tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni pake. Ingiza bolti za milimita 8, kaza moja kidogo, kisha nyingine, kwa zamu. Usipulize vumbi la ndani. Shuu za zamani zaweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Ndani, rudisha springi ya waya nyuma kwa plaizi, halafu chomoa kichwa kwenye wenzo wa shuu, mkono mdogo unaozisukuma. Ganda limeshikwa kwenye sahani ya breki, bamba lililo nyuma ya shuu, kwa vidole vya chuma vilivyotanuka. Chukua spana ya duara inayolitosha, 12 mara nyingi, isukumize juu ya vidole mpaka vikunjamane vyote, na waya utatoka kwa nyuma. Kuvipiga kimoja kimoja kwa bisibisi ni kujitesa: ukikunja cha tatu, cha kwanza kimesharudi.

Baadhi ya Hilux za 4x4 ziko tofauti: waya unaishia kwenye wenzo mdogo nje ya sahani. Wenzo huo huganda kwa tope na kutu. Ukiwa mgumu, fungua, safisha, paka grisi, la sivyo waya mpya nao utakufa mapema.

Pitisha waya mpya njia ileile ya zamani, kwenye vishikizo vyote, mbali na bomba la moshi, bila kona kali. Mpira wa mwisho wa ganda ukae sawasawa, maana maji huingilia hapo. Weka kotapini (pini ya kufungia inayokunjwa) mpya.

Kosa kubwa linafanyika mwishoni: kukaza waya ili kufidia shuu zilizolegea. Wenzo hauwezi tena kurudi mahali pake, shuu zinasugua muda wote, dramu inachemka. Rekebisha shuu kwanza, mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono huku ukisikia mkwaruzo mwepesi. Vuta handibreki kwa nguvu mara kumi hivi ili waya ukae, ishushe, ndipo ukaze nati ya waya kuondoa ulegevu tu. Vuta jino moja moja: magurudumu mawili yaanze kubana pamoja, na ukishusha yazunguke huru.

Rudisha tairi, kaza nati, endesha kilomita tano, kisha sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kugusa. Gurudumu lenye joto zaidi lina waya uliokazwa mno au wenzo usiorudi. Baada ya wiki moja kagua tena ulegevu, kwa kuwa waya mpya hunyooka kidogo.